Laptopu ya toleo maalum kwa shilingi 185,000 au ya kawaida kwa 130,000: hizo 55 elfu za juu zinalipia nini?

BintiWaTudor

Asalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri wa wanaozijua mashine kwa ndani.

Nimewekewa laptopu mbili na muuzaji mmoja hapa mjini. Ya kwanza ni ASUS Zenbook 14X OLED Space Edition, Core i9-12900H, RAM 32GB, SSD 1TB. Anasema boksi lilifunguliwa kwa kuonyesha wateja tu, mashine yenyewe haijatumika. 185,000. Ya pili ni Zenbook 14X OLED ya kawaida, Core i7-12700H, RAM 16GB, SSD 512GB. Hii imetumika lakini ni safi. 130,000.

Kazi ni picha za harusi: Lightroom na Photoshop, RAW (faili ghafi za kamera) zinazokaribia 3,000 kwa harusi moja, na vipande vya video vya hapa na pale. Mashine haitakaa mezani. Itavuka feri Likoni, itapanda matatu mpaka Diani na Malindi, na itafanya kazi kwenye kumbi ambazo nyingine hazina AC.

Hiyo i9 itanifaa kitu kuliko i7? Kile kiskrini kilichoko juu ya kifuniko kina kazi? Habari ya kwamba imepimwa kwa viwango vya vyombo vya anga inasaidia chochote kwa hewa yetu ya chumvi? Na nikija kuiuza baadaye, toleo maalum litanirudishia zaidi?

Fundi_Makupa

Waleikum salaam dada. Tuanze na bodi, maana huko ndiko pesa zinakotakiwa kwenda.

Hizo mbili ni mashine moja. Skrini ya ndani ni ileile OLED ya inchi 14, nukta 2880 kwa 1800, 90Hz. Betri ni 63Wh kote kuwili. Milango ni ileile: Thunderbolt 4 mbili, HDMI, USB-A moja na tundu la microSD. Zingatia hilo la mwisho, ni microSD, si SD kubwa ya kamera, kwa hivyo kisoma kadi utanunua vyovyote utakavyochagua. Kilichoongezwa kwenye Space Edition ni rangi, michoro ya Morse na mapambo ya kianga, boksi la maonyesho, na hicho kioo cha inchi 3.5 juu ya kifuniko. Kanga ni ileile, jina ndilo lililobadilishwa.

Sasa i9 na i7. i9-12900H ina viini 14, sita vikubwa na vinane vidogo, nyuzi 20 (njia za kupitishia kazi), kache ya 24MB. i7-12700H ina viini 14, sita vikubwa na vinane vidogo, nyuzi 20, kache ya 24MB. Sijarudia kwa makosa. Tofauti utakayoiona kwenye karatasi ni kasi ya juu kabisa, 5.0GHz dhidi ya 4.7GHz, na hiyo hupatikana kwa muda mfupi kwenye kiini kimoja au viwili. Zote mbili zimepangiwa wati 45 za kawaida na zinaruhusiwa kuruka hadi wati 115. Wati 115 ndani ya mwili wa kilo moja na nusu haziwezi kuishi. Ukianza kutoa JPEG 800 kutoka Lightroom, sekunde chache za mwanzo prosesa hukimbia, halafu joto hupanda na mashine hujishusha mpaka pale feni inapoweza kuhimili. Kuanzia hapo i9 na i7 zinatembea pamoja. Ukumbi ukiwa na nyuzijoto 32 badala ya 22, hizo nyuzi kumi unaziongeza moja kwa moja kwenye joto la prosesa, na mashine hujishusha mapema zaidi. Usilipie i9 kwenye mwili mwembamba. Ingekuwa laptopu nene yenye feni mbili kubwa, tungezungumza mengine.

Kiskrini cha juu ni OLED ya rangi moja. Kinaonyesha saa, hali ya betri, jina lako, au msimbo wa QR mteja akaupiga kwa simu. Hilo la QR kwa mpiga picha ni zuri, sikatai. Lakini kumbuka sasa una kioo mahali ambapo laptopu nyingine zina bati tupu, na mkoba wako ndani yake mna kamera na lenzi. Mkoba ukibanwa kwenye matatu, hapo ndipo panapogongwa.

Viwango vya anga: kinachotajwa ni SMC-S-016A, yaani mtikisiko wa 20 hadi 2000Hz, na kufanya kazi kati ya nyuzi 24 chini ya sifuri na 61 juu yake. Hayo ni majaribio ya kweli, lakini yanajibu swali la roketi. Chumvi ina jaribio lake: ndani ya MIL-STD-810, kiwango cha kijeshi cha Marekani, ni mbinu ya 509, ukungu wa chumvi, na unyevu ni mbinu ya 507. Mtengenezaji huchagua mwenyewe mbinu za kupima, kwa hivyo neno "kiwango cha kijeshi" peke yake halikwambii kitu mpaka usome orodha na uone kama 509 imo.

Mimi kinachonitia shaka ni spea. Betri, feni, SSD na skrini ya ndani, hizo utapata za toleo la kawaida. Lakini kwenye Zenbook nyingi kibodi imeshikanishwa na bamba la juu, haitolewi peke yake. Kitufe kikifa kwa kumwagikiwa chai, unabadilisha bamba zima. La kawaida litapatikana kwa kuagiza. La Space Edition, lenye rangi ile na michoro ile, utalitafuta mpaka uchoke, na mwisho utafungiwa la rangi nyingine. Hapo toleo maalum limekufa huku mashine ikiwa hai. Kifuniko ni hivyohivyo.

Kitu kimoja tu katika hizo 55 kina thamani ya kazi: RAM. Imechomewa kwenye bodi, haiongezwi baadaye. SSD ni ya kuchomoa, ya 512 utaitoa uweke ya 1TB siku yoyote kwa bisibisi na nusu saa.

Mhariri_Nyali

Fundi amesema vizuri, ila naona swali lenyewe limekaa kombo. Kwa kazi ya RAW 3,000, kinachokosekana kwenye zote mbili ni GPU ya pembeni, yaani prosesa ya picha inayojitegemea. Zote zinatumia Iris Xe iliyo ndani ya prosesa, nayo haina kumbukumbu yake, inakopa kutoka RAM. Ndiyo maana 16GB hapa ni chache kuliko 16GB kwenye mashine yenye GPU pembeni.

Lightroom ya kawaida, kuchagua, kupunguza, kurekebisha mwanga, Iris Xe itakuvusha. Pagumu ni Denoise, ile ya kusafisha chengachenga iliyokuja mwaka 2023. Hiyo hutegemea GPU karibu kazi nzima. Picha za usiku, ukumbi wa taa hafifu, ISO 6400, unaisafisha moja na Iris Xe inakula dakika kadhaa. GPU ya pembeni kama RTX 4050 au 4060 inafanya kwa sekunde. Zidisha kwa picha 150 za ukumbini uone usiku wako umekwenda wapi.

Kwa 185,000 tafuta yenye RTX 4050, kumbukumbu ya 6GB, au 4060 ya 8GB, na nafasi mbili za RAM za kuchomoa. Uanze na 16, uongeze ya pili ukipata.

Ila mtego upo, na wengi wanauingia. Laptopu nyingi za michezo za bei ya chini zina skrini ya asilimia 45 ya NTSC (kipimo cha upana wa rangi), ambayo ni kama theluthi mbili tu ya sRGB, rangi za kawaida za simu na mtandao. Nyekundu ya hina na dhahabu ya kitambaa cha bibi harusi zote zinapauka. Wewe unaongeza rangi kwenye skrini, mteja anapata picha imewaka moto kwenye simu yake. Uliza kwa maneno: asilimia 100 ya sRGB. Muuzaji asipojua, chukua modeli kamili ya skrini kwenye Device Manager uitafute.

Na kinyume chake, OLED ya Zenbook inafika kwenye DCI-P3, rangi pana kuliko sRGB. Ni raha kwa macho, lakini ukihariri bila kupanga profaili, nyekundu unazoziona wewe mtu wa kuchapisha hazipati. Fungua MyASUS, weka rangi kwenye sRGB kabla ya kuhariri picha za kuchapishwa.

BintiWaTudor

Shukran. Mhariri, uzito ndio unaonitia wasiwasi, hizo za RTX na chaja zake ni mzigo mwingine. Na je, OLED si huungua ikikaa na kitu kimoja?

Mhariri_Nyali

Uzito kweli, hesabu kilo mbili na zaidi, na chaja yake ni tofali. Zenbook inachaji kwa USB-C, na chaja moja ya wati 100 itabeba laptopu na simu. Ukiwa unazunguka kila wikendi hilo si dogo.

OLED huchorwa, ndiyo, na Lightroom ni miongoni mwa programu za hatari kwa sababu vibao vyake vya pembeni vinakaa mahali pamoja siku nzima. Bonyeza Shift+Tab kuficha vibao vyote unapochagua picha. Ficha upau wa chini wa Windows. Tumia mandhari nyeusi. Acha ile huduma ya kuburudisha nukta ndani ya MyASUS ifanye kazi yake, usiizime. Na mwangaza wa asilimia 100 muda wote ndani ya chumba hauna faida.

Iliyotumika ikaguliwe hivi: fungua picha ya kijivu tupu ijaze skrini nzima, mwangaza nusu, zima taa za chumba. Tazama chini kabisa kama kuna kivuli cha upau wa Windows, kisha kulia na kushoto. Kivuli kikionekana kwenye kijivu, hakitoki.

Mzee_Kibokoni

Yakhe, nimewasoma. Lakini siafiki kwamba toleo maalum lolote ni jina tu. Yapo ya aina mbili na ni lazima yatenganishwe.

Aina ya kwanza ni ya nembo. Acer walitoa laptopu za Ferrari miaka ya 2000, ASUS wakatoa za Lamborghini. Rangi, ngozi, farasi, ng'ombe. Ukizivua nembo unabaki na laptopu ya mwaka ule.

Aina ya pili ni ile ambayo toleo maalum limebadilisha kitu unachokigusa. Mfano ulio wazi ni ThinkPad 25 ya Oktoba 2017, ya kutimiza miaka 25 tangu ThinkPad 700C ya 1992. Ndani ilikuwa T470: i7-7500U ya viini viwili, GeForce 940MX, RAM 16, SSD 512. Marekani iliuzwa dola 1,899. Lakini walirudisha kibodi ya zamani ya safu saba, vitufe vya kudidimia, Delete na Home mahali pake, Enter ya buluu. Mtu anayeandika kutwa nzima, mhasibu, mfasiri, hakuwa na pengine pa kuipata kwenye mashine mpya. Hapo nyongeza ya bei ilikuwa na jibu.

Swali la kuuliza basi ni hili: toleo hili limebadilisha kibodi, skrini, baridi ya ndani, RAM au betri? Likiwa limebadilisha mojawapo, pima. Likiwa limebadilisha kifuniko na boksi, unanunua kifuniko na boksi, na si dhambi, bora ujue.

Kuhusu kuuza: hata hiyo ThinkPad 25 leo prosesa yake ya kizazi cha saba haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaoitafuta ni wakusanyaji, nao hawako Digo Road. Mnunuzi wa hapa wa mkono wa pili anauliza "ni i ngapi, RAM ngapi, betri inakaa?" Ukimwambia kuhusu viwango vya anga atakuuliza tena RAM ngapi.

Wakala_Kilindini

Naongeza ya bei na karatasi.

Ukitaka kujua kama 185 ni haki, piga hesabu ya kuiagiza mwenyewe. Laptopu kwenye jedwali la forodha la Afrika Mashariki ni asilimia 0. Anayeishia hapo amekwambia nusu. VAT ya asilimia 16 ipo, na haihesabiwi kwa bei ya duka la nje peke yake bali kwa bei pamoja na usafiri na bima. Mashine iliyofika kwa thamani ya 120,000, VAT yake ni 19,200. Halafu kuna IDF, ada ya tamko la kuagiza bidhaa, na tozo la reli, RDL, na malipo ya wakala. Kila kimoja ni kidogo, vikikusanyika si vidogo.

Nyingi za matoleo haya yasiyo ya kawaida hutufikia kupitia Dubai. Kwa hivyo angalia kibodi: nyingine zina herufi za Kiarabu pamoja na za Kilatini. Haidhuru kazi, lakini inashusha bei ya kuuzia. Chaja ya Dubai ina pini tatu za mraba, sawa na zetu. Ikiwa imetoka Marekani itakuwa na pini bapa. Soma maandishi ya chaja, ikiandikwa 100-240V unabadilisha waya tu, usikubali kuuziwa transfoma.

Namba ya mfululizo ya mashine (serial number) ilingane sehemu tatu: boksi, tumbo la laptopu, na ndani ya Windows. Ya ndani unaipata kwa PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS. Kisha iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti imebaki kiasi gani na ni ya nchi gani. Mashine ya mwaka 2022 inayouzwa "mpya" leo mara nyingi waranti yake imeshakwisha ikiwa kwenye rafu, na utakachobaki nacho ni waranti ya duka, yaani neno la muuzaji. Basi neno hilo liandikwe: risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, yenye namba ya mfululizo ya mashine, muda wa waranti, na inahusu nini. Ulipe kwa namba ya duka, usilipe kwa namba ya simu ya mtu.

Fundi_Makupa

Wakala amenikumbusha. Dada, rudi kwa muuzaji na fleshi yenye CrystalDiskInfo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili la battery-report.html. Ndani tafuta vitu vitatu: Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya), Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa) na Cycle Count (mizunguko ya kuchaji). Kisha fungua CrystalDiskInfo, soma Power On Hours (masaa iliyowaka) na asilimia ya afya ya SSD. Windows wanaweza kuisafisha upya ikaonekana ya leo, lakini masaa ya SSD hayafutiki kwa kusafisha Windows. Piga picha matokeo uyaweke hapa. Fanya kwa mashine zote mbili.

Na tochi ya simu: mulika ndani ya matundu ya USB-C na HDMI. Ukiona ukijani au unga mweupe kwenye pini, mashine hiyo imekaa kwenye unyevu, na kilichoonekana mlangoni kipo na ndani.

BintiWaTudor

Nimetoka kule. Matokeo:

Space Edition: Design 63,000 mWh, Full Charge 54,200 mWh, Cycle Count 187. SSD Power On Hours 1,460, afya asilimia 97. Namba za mfululizo zimelingana. Matundu safi. Skrini ya kijivu sikuona kivuli.

Ya kawaida: Design 63,000, Full Charge 57,330, Cycle Count 96. SSD masaa 810, afya 98. Kibodi ina Kiarabu. Kona moja ya chini imebonyea kidogo.

Muuzaji anasema betri ya Space Edition imeshuka kwa sababu ilikaa dukani bila kuchajiwa.

Fundi_Makupa

Hapana, bwana huyo anakuzunguka. Betri hushuka ikikaa, hilo ni kweli, na kwa joto letu hushuka haraka zaidi. 54,200 kwa 63,000 ni asilimia 86, na kwa hesabu ya rafu tu ningekubali. Lakini mizunguko haipandi ikiwa kwenye rafu. 187 ni sawa na kuijaza kutoka sifuri hadi mia mara 187. Na SSD haihesabu masaa ikiwa imezimwa: 1,460 ni saa nane kwa siku kwa zaidi ya siku 180. Namba mbili zisizojuana zimetoa ushahidi mmoja. Hiyo ni laptopu iliyotumika miezi kadhaa kazini, ikarudishwa boksini.

Si mbovu. Asilimia 86 ni betri nzuri bado. Ila sasa unalinganisha iliyotumika na iliyotumika, na kinachozidi ni RAM 16 na nusu terabaiti. Kwangu hiyo haivuki 150, na hapo nimekaza macho. Kioo cha kifuniko nimekihesabu sifuri.

Kona iliyobonyea kwenye ile ya kawaida: fungua na ufunge kifuniko polepole, usikilize bawaba. Ikilia, au bamba la chini likiachana na la juu upande ule unapoinua kifuniko, iache. Mwili ukipinda hapo, bawaba huvuta skrubu zake na siku moja zitang'oka na plastiki iliyozishika. Ikiwa bawaba ni laini na ufa haufunguki, ni kovu tu, lipigie bei.

Mhariri_Nyali

Bado nasema RTX. Lakini ikiwa lazima ni Zenbook, naungana na fundi.

BintiWaTudor

Amekataa kushuka chini ya 175. Ile ya kawaida amefika 118 kwa sababu ya kona, bawaba ni laini, nimejaribu. Nikichukua hiyo, 16GB nitaishi nayo vipi? Na chumvi je?

Mhariri_Nyali

Unapoingiza picha Lightroom Classic, chagua itengeneze Smart Previews. Ni nakala ndogo, upande mrefu nukta 2560, na unaweza kuhariri kwa hizo hata diski yenye RAW imebaki nyumbani. Kwenye Preferences, sehemu ya Performance, kuna alama ya kutumia Smart Previews badala ya faili kamili wakati wa kuhariri, iweke. Kazi inakuwa nyepesi mno. Ukitoa JPEG za mwisho, chomeka diski ili itumie faili kamili. Katalogi ikae kwenye SSD ya ndani, RAW kwenye SSD ya nje, na nakala ya pili ya RAW kwenye diski nyingine isiyosafiri nawe. Chrome ifunge. Photoshop usiiache wazi nyuma, ipe asilimia 60 ya RAM kwenye mipangilio yake, si zaidi, maana Iris Xe nayo inahitaji sehemu yake. Denoise fanya usiku, zichague zote pamoja, uiwache na chaja ukalale. Hizo 57 ulizookoa, toa humo SSD mbili za 1TB.

Fundi_Makupa

Chumvi: adui wako ni mabadiliko ya joto kuliko upepo wenyewe. Ukitoka chumba cha AC uingie nje saa nane mchana, hewa ya unyevu inagusa chuma baridi na maji yanaota, ndani pia. Ifunge mkobani ikiwa bado ndani, zipu mpaka mwisho, usiifungue nje mpaka ipite nusu saa ipate joto la nje. Pakiti mbili za silika mkobani, zibadilishwe zikijaa. Kwenye feri iwe mkobani, isiwe mapajani. Usiihifadhi dirishani upande wa bahari.

Feni isafishwe kila mwaka, kwa brashi laini na hewa, ukishikilia bawa lisizunguke. Vumbi lenye chumvi hushika unyevu, likikaa kwenye mapezi ya shaba linageuka ukoko na hapo hewa haitoki tena. Kwenye MyASUS weka betri isimame asilimia 80 siku unazofanyia kazi nyumbani.

Stima ikikatika, chomoa chaja. Ikirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke, maana msukumo wa kurudi ndio unaoua chaja. Na ukigusa mwili wa bati ukahisi mchonyoto wakati inachaji, huenda soketi hiyo haina arthi, hamia nyingine.

Wakala_Kilindini

Risiti, dada. Yenye namba ya mfululizo. Na hiyo kona iliyobonyea iandikwe humo humo, asije akasema waranti imevunjwa na wewe.